Blanketi la Zahanati

Julai ya Makete haibishi hodi.
Imepita chini ya mlango na sakitu yake,
imekuja kukaa kitandani pamoja nasi:
mimi, wewe, na hili blanketi la zahanati
ambalo Nesi Chaula alisema mara mbili, lirudi Jumatatu, kavu.

Una siku tatu duniani.
Jina bado halijakukaa.
Baba yako yuko Mufindi, kwenye mashine za mbao,
ametuma ujumbe: Ananyonya?
Neno moja tu,
nami nimelitazama mpaka simu ikazima.

Hunyonyi.
Unapekua, unapiga kelele, unakamata ncha tu
kama mtu anayeonja chumvi ya mboga,
halafu unaachia na kunilaumu.
Vidole vyangu vya miguu vinajikunja kwa maumivu.
Tangu jioni matiti yamegeuka viazi,
vile vilivyosahaulika juu ya tuta usiku wa baridi:
vigumu, vinang'aa, havishikiki.

Jikoni bibi yako anakoroga.
Nasikia kijiko kinavyozunguka kikombeni.
Maji ya moto, sukari.
"Yuditha, mtoto ana njaa. Nimelea saba hivi hivi."
Saba alizaa. Walioota meno ni wanne.
Hilo hasemi, nami simkumbushi;
mama wa mume hahesabiwi makaburi.

Yeye ndiye siku ya kwanza alitaka niyakamue yale ya njano
niyamwage nyuma ya nyumba, eti yamechacha kwa kungoja.
Nesi akamjia juu:
"Mama Tweve, hiyo ndiyo chanjo yake ya kwanza, na haina sindano!"
Ukayaramba kwenye kijiko,
mazito, machache,
rangi ya vumbi la ua la boga.

Na maneno mengine ya nesi, ninayatafuta gizani
kama mtu anayetafuta kiberiti:
usilipeleke titi kwa mtoto, mlete mtoto kwenye titi.
Tumbo lake kwa tumbo lako.
Pua itazame chuchu.
Mguse mdomo, kisha ngoja,
ngoja mpaka kinywa kiwe wazi kama cha mwanakwaya
anayeifukuzia sauti ya kwanza.
Likijaa sana? Alisema nini likijaa sana?

Naenda motoni nikiwa nimekukumbatia.
"Mama, nipe maji hayo. Siyo ya kikombe. Ya sufuria."
Ananitazama.
Moshi unapita katikati yetu, hauna haraka.
Kisha anachana pindo la kitenge chake cha zamani,
analichovya, analikamua,
na kwa mikono iliyopasuka kwa kuchuma pareto
analiweka kwapani mwangu, analishusha,
polepole, kuelekea mbele,
kama mtu anayemlainisha ng'ombe mwoga.
Haulizi. Mikono yake inajua jambo
ambalo mdomo wake haujawahi kufundishwa.

Tone.
Tone jingine, juu ya jivu.
Halafu uzi mweupe, mwembamba, umepinda.

"Sasa," anasema.

Kinywa chako kikapanuka, nikakuvuta,
si ncha tu, na weusi wake pia,
kidevu kikazama.
Uchungu, nikahesabu moja, mbili, tano,
ukaondoka.
Taya likaanza kazi. Kimya.
Halafu ile sauti, ndogo kuliko kijiti kinachokatika:
kh.
Kh.
Bibi yako akainamisha sikio hadi kitambaa chake kikanigusa shavu.
"Anameza," akasema.
Akasema tena, kwa Kikinga, si kwangu wala kwako,
labda kwa wale watatu.

Kikombe kikapoa pale jiweni.
Alikinywa mwenyewe, mkupuo mmoja.
"Sukari haitupwi."

Alfajiri titi la pili lilivuja bila kuitwa.
Umelowesha nepi mbili, gauni langu,
na blanketi la zahanati, kona hadi kona.
Nesi Chaula atasema.
Mwache aseme.